Bi. Biasha na Upana wa Barabara ya Maili Moja

Tarehe 30 Septemba 1955, Bi. Biasha binti Mwinyimadi anastaafu usimamizi wa Umoja wa Akina Mama Wauzaji wa Maili Moja, baada ya kuutumikia kwa miaka ishirini na mitatu. Aliuanzisha yeye na wenzake wachache mwaka uliofuata nzige, mashamba ya Visiga yalipobaki mabua matupu. Tangu hapo hajakosa gulio ila alipofiwa na mumewe na alipoanza kuugua miguu. Miguu hiyohiyo ndiyo inayomwondoa. Anahamia Dutumi kwa binti yake, Mwanaamina.

Kabla sijafika mbali nikiri jambo moja. Kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu ilinitaja mimi, kwa kuwa nimesoma Kiswahili na Kiingereza, na kwa kuwa katibu wetu Bi. Sikuzani alisema msichana asiyezungumza lazima ana maneno mengi yaliyomkaa ndani. Nilinyamaza, wakadhani nimekubali. Kumbe nilinyamaza kwa sababu mimi ni mjukuu wa Bi. Mwamini, mfinyanzi wa Kisarawe anayeuza vyungu peke yake ng'ambo ya barabara, na hakuna asiyejua kwamba bibi yangu na Bi. Biasha walikuwa hawasemezani. Nilijaribu kwanza kuandika kwa Kiingereza, nikidhani maneno ya mbali yatanisitiri. Alitoka mtu mwingine kabisa, mwanamke aliyenyooka kama rula, ambaye hajawahi kumcheka mtu. Nikaichana ile karatasi. Nikisema "sisi" humu, nasema kwa kinywa cha chama.

Bi. Biasha ninayemfahamu mimi hucheka mpaka ushungi unamdondoka. Alizaliwa Kisarawe, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ufinyanzi. Alifundishwa na mama yake bibi yangu, pamoja na bibi yangu, na wasichana hao wawili walichezwa unyago siku moja, ngoma moja. Alipoolewa Visiga akaanza kubeba vyungu kuja kuuza hapa barabarani, ambako malori ya Morogoro husimama. Hapo akaona jambo lililomkera. Akina mama waliketi wameinamisha vichwa, kila mmoja mbele ya bidhaa yake, na mnunuzi akiuliza bei walijibu kama wanaoomba radhi. Walikuwa wamelelewa kwamba mwanamke hajisifu.

Dawa aliyoitunga ndiyo inayotuweka pamoja mpaka leo. Mwanachama mpya, siku yake ya kwanza, hauzi chake. Anakaa kwenye mkeka wa mwenzake, na mwenzake anakaa kwenye wake. Mfinyanzi anauza mikeka, msusi wa mikeka anauza vyungu. Mwanamke anayeona haya kusema mchele wake ni mzuri haoni haya kusema mchele wa mwenzake Tatu ni mzuri. Watu wa baraza za maduka wakatucheka, wakatuita Chama cha Kusifiana. Bi. Biasha akawajibu kwamba wao nao waanzishe chao, ila wataje kwanza nani kati yao anasifika.

Mambo ya kuchekesha hayakukosekana. Mwanaasha wa Visiga aliwahi kusifu mtungi wa mwenzake kwa ufasaha hata mwenye mtungi, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akainuka, akauchukua na kwenda nao nyumbani. Alisema hakujua kama alikuwa akiuza kitu kizuri kiasi hicho. Utingo mmoja wa lori, Kibwana, aliposikia sifa za chungu kimoja aliuliza kama anauziwa au anaozeshwa. Akajibiwa kwamba mahari yake hayatoshi, akakinunua kwa hasira, na mpaka leo lori lake haliwezi kupita bila kusimama.

Faida za chama hiki wengi wenu mnazijua kuliko mimi. Akina mama wa Kisarawe wanaofika na mizigo siku moja kabla ya gulio hulala kwa akina mama wa Visiga, wakala, wakaoga. Aliyejifungua au kushikwa na homa, wenzake humuuzia bidhaa zake, na jina lake hubaki midomoni mwa wateja wake mpaka arudi. Wakati wa vita vya Hitla, kaniki zilipoadimika, habari ya duka lililopata kaniki ilizunguka chama kizima kabla mwenye duka hajafungua mlango. Mzee Mwinyijuma alipomkataza mkewe kuja gulioni, Bi. Biasha hakwenda kubishana naye. Alimtuma Tatu apite pale nyumbani na kumsifia yule mama mbele ya mumewe, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka mzee mwenyewe akaanza kumbebea mkewe kapu.

Na sufuria zilipoingia baada ya vita, wafinyanzi wengi wa Uzaramo waliacha kazi. Wa kwetu hawakuacha. Wasusi wa mikeka, ambao huitwa kwenye kila harusi, waliwaletea habari kwamba watu wananunua sufuria za kupikia lakini maji ya kunywa bado wanayataka ya mtungini, na vyetezo vya ubani havina sufuria ya kushindana navyo. Wakageuza kazi, wakaendelea kula.

Bibi yangu hakuletewa habari hiyo na mtu. Aliendelea kufinyanga vyungu vya kupikia, akavibeba kutoka Kisarawe, akavirudisha Kisarawe. Mimi nimelala naye kwenye baraza ya duka, mzigo ukiwa katikati yetu, tukisikia vicheko vya akina mama waliolala nyumba ya jirani. Nikimuuliza kwa nini sisi hatuendi, aliniambia nilale.

Sasa inanibidi nieleze kwa nini, na naeleza kwa ruhusa ya wote wawili.

Siku chama kilipoanza, mtu wa kwanza kuombwa abadilishane mkeka alikuwa bibi yangu. Hakutaka. Alisema chungu chake kinajisemea. Lakini Biasha alikuwa mwali mwenzake, akambembeleza, akakubali. Kwenye mkeka wake wa vyungu akakalishwa Mwanne, mkulima wa mpunga kutoka Dutumi, aliyejua mchele wote wa dunia na hakujua udongo hata kidogo. Mwanne alivisifu vizuri mno. Mnunuzi alipouliza kama chungu kinaweza kwenda motoni siku hiyohiyo, Mwanne, asitake kumvunja moyo, akasema ndiyo, hata sasa hivi. Kila mfinyanzi anajua kwamba chungu kipya huchemshiwa kwanza maji ya pumba, taratibu, ndipo kikatulia. Kile hakikuchemshiwa kitu. Kilipasuka na kitoweo ndani.

Gulio lililofuata yule mnunuzi alikuja na vigae mkononi, akamtukana bibi yangu mbele ya watu, akamwita mfinyanzi wa majivu, asiyejua udongo.  Bibi alifunga mzigo wake, akavuka barabara, akatandika upande wa pili. Bi. Biasha alimwona. Alikuwa katikati ya kumtuliza mnunuzi na kumnyamazisha Mwanne aliyekuwa akilia, akajiambia kwamba Mwamini atarudi gulio lijalo hasira zikipoa. Gulio lijalo bibi hakurudi, na Bi. Biasha akajiambia hivyohivyo tena.

Kwenye vigae vile ndiko zilikotoka kanuni mbili ambazo kila mwanachama anazikariri. Usikae kwenye mkeka wa mtu kabla hujakaa naye nyumbani kwake siku nzima ukajifunza anachouza. Na ukitaja sifa, taja na kasoro. Kanuni hizo ndizo zilizotufanya tuaminiwe na wenye malori, na wapishi wa maboma, na mabibi harusi. Sisi tulipata kanuni, bibi yangu akapata jina la mfinyanzi wa majivu. Nimeliandika hili polepole, maana nilipokuwa mdogo nilidhani Bi. Biasha ni mtu mbaya, na ningependa sana iwe hivyo, kwa kuwa ni rahisi zaidi.

Gulio la mwisho la mwezi huu Bi. Biasha alichukua kigoda chake, akavuka barabara. Wauzaji wote waliacha kuuza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya bibi. Alifika, akatua kigoda, akasema amekuja kukaa.

Bibi hakumtazama. Alipangusa chetezo ambacho hakikuwa na vumbi, kisha akauliza, "Barabara hii ina upana gani, Biasha?"

"Kila gulio niliiona imeongezeka," Bi. Biasha akasema.

"Wewe ulikuwa na miguu."

"Nilikuwa nayo. Uso ndio sikuwa nao, mwali mwenzangu."

Lori moja likapita, vumbi lake likatulia. Ndipo bibi akasogea, akampisha kwenye mkeka. Alimuuliza, kama anavyoulizwa mwanachama mpya, chungu kipya kinawekwaje motoni. Bi. Biasha akajibu yote, pumba na maji na moto mdogo, na akakaa kuuza vyungu vya bibi yangu mpaka jua likageuka. Aliviuza kwa sifa na kasoro. Alikuwa akimwambia kila mnunuzi, "Mwenye mkono huu ni hodari kunishinda mimi, kasoro yake ni kwamba nilimwacha peke yake." Wanunuzi hawakuelewa, lakini walinunua.

Kwa desturi yetu bibi naye alitakiwa akakae kwenye mkeka wa Bi. Biasha. Hapo ndipo sote tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitazama. Bi. Biasha hana mkeka. Tangu alipoanza kutusimamia, kutambulisha huyu kwa yule, kukimbia huku na huku na habari za watu, hakushika tena udongo. Bibi alimuuliza amuuzie nini. Bi. Biasha akaonyesha viganja vyake vitupu, akacheka, lakini hakucheka vizuri.

Tulirudi Kisarawe mimi na bibi. Tulipofika aliniambia nilete karatasi, kwamba Biasha anacho cha kuuzwa, na kwamba yeye bado ni mwanachama mpya, hajafanya siku yake ya kwanza. Ila kanuni ni kanuni. Kwa hiyo kabla sijaandika mstari mmoja wa wasifu huu wa Kiswahili tulikwenda Visiga tukakaa kwa Bi. Biasha siku nzima. Bibi alimuuliza kila kitu kama mnunuzi mgumu anavyomgeuza mtungi juani kutafuta ufa. Mimi niliandika. Walikula ugali sahani moja. Jioni waligombana kuhusu nani alilia zaidi siku ya kuchezwa, na hawakupatana mpaka tunaondoka.

Basi haya mnayoyasikia yametoka kinywani mwa bibi yangu. Kalamu tu ndiyo yangu, na nimemwomba Bi. Sikuzani ayasome, kwa kuwa mimi nikisimama mbele ya watu sauti hurudi tumboni. Bibi amenituma niseme hivi: Biasha binti Mwinyimadi ni mwanamke imara, hafichi kitu, akimjua mtu mmoja, basi wote atawajulisha mtu huyo. Amewakutanisha watu wa Kisarawe na Visiga na Dutumi ambao wangepitana barabarani bila salamu. Kasoro yake ni moja, alichelewa kuvuka. Na bibi amesema niongeze kwamba barabara ina pande mbili, naye pia alikuwa na miguu.

Chama hakijampata wa kushika nafasi yake. Wawili walioombwa wamekataa, na sidhani kama ni kwa unyenyekevu tu. Tutajaribu kukumbushana kanuni wenyewe. Najuta kwamba nimemjua Bi. Biasha kwa siku moja na gulio moja, wakati miaka yote alikuwa pale mbele yangu, hatua chache, akiniinulia mkono nami nikitazama chini.

Kwa niaba ya akina mama wote, asante, Bi. Biasha. Asante kwa vitanda tulivyopewa, na kwa homa tulizouguza bila kupoteza mteja, na kwa haya uliyotuvua. Nenda Dutumi kwa amani, miguu yako ipumzike, wajukuu wakuchoshe kwa maneno. Maisha yako yawe mema huko kama ulivyoyafanya ya wengine hapa.

Neno la mwisho ni la bibi. Anasema wiki ijayo atampa Kibwana kapu la udongo wa Kisarawe alipakie kwenye lori, likufikie Dutumi. Ufinyange chochote, hata kifuniko, hata kikiwa kimepinda. Atakuja mwenyewe kukaa siku nzima ajifunze kinatumiwaje, kisha atakiuza yeye, upande huu wa barabara walipo akina mama wote.

Mboni, mjukuu wa Bi. Mwamini