Jina Lililoitwa Juu ya Matombo

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka 1972, Mafiga, mjini Morogoro. Karani wa reli, Bwana Eustace Bitegeko, alikuwa akiwasomea watoto wake kitabu cha historia. Akafika kwenye mstari mmoja mfupi: katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, wapagazi wengi walikufa.

Binti yake Juliana, wa miaka kumi, akamkatiza. "Wengi ndio wangapi, baba? Na majina yao?"

Sauti ikajibu kutoka nje ya dirisha. "Mmoja aliitwa Ahmadi."

Wakatoka. Ukutani, kivulini, alikuwa ameketi mzee wasiyemjua, na pembeni yake tenga la ndizi. Alikuwa ameteremka nalo kutoka milima ya Uluguru kwenda sokoni, akatua hapo kupumzika.

"Shikamoo, babu," watoto wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Msinione mdaku. Kitabu chenu kimenitaja."

Huyo alikuwa Mzee Mwinshehe, wa Matombo. Yeye na kaka yake Ahmadi walichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Mwinshehe alirudi. Ahmadi hakurudi.

Wasikilizaji wapendwa, Bwana Eustace tunayemkumbuka leo hakuwa mwalimu. Nasema tena, hakuwa mwalimu. Alikuwa karani, Mhaya kutoka Bukoba, mwenye vitabu vinane katika sanduku la sabuni. Lakini aliamini kwamba taifa changa linalowataka watu wake waishi kindugu lazima liwajue ndugu waliotangulia. Basi jioni aliwasomea watoto. Gari la sinema la serikali likija, aliwapeleka. Na shule zikifungwa, aliwaonyesha nchi kwa miguu yao wenyewe.

Mwezi wa tisa gari la sinema lilikuja Mafiga. Shuka jeupe likafungwa kwenye nguzo mbili. Zilikuwamo picha za kale za vita vile, picha zisizo na sauti, na Bwana Eustace alikuwa amemwalika Mzee Mwinshehe. Wapagazi wakaonekana kwa nyuma, mmoja baada ya mwingine, mizigo kichwani.

Mzee akasimama. Akaenda mpaka kwenye shuka, akaligusa.

"Mzee, kaa chini, unatuziba!" vijana wakapiga kelele. "Au unataka kuwapokea mizigo?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akamgeukia mwenye mtambo. "Mwanangu, tafadhali. Mwambie yule wa mwisho ageuke."

Gabrieli, mdogo wake Juliana, anakumbuka mpaka leo. "Kicheko kilikatika," anasema. "Baba alimshika mkono, akamtoa kando ya watu. Babu alikuwa akisema, wote wanapita, hakuna anayegeuka."

Huko kando, mzee alieleza. Juu ya Matombo lipo jiwe bapa ambapo wapagazi walitua mizigo. Hapo ndipo alipomwona kaka yake mara ya mwisho. Mama yao, kila Jumamosi ya pili ya Desemba, alipanda hapo akaita jina la mwanawe bondeni. Mama alipofariki, Mwinshehe aliendelea kuita. Sasa miguu ilikuwa inakataa, naye hakuwa na mtoto.

"Nikinyamaza mimi," alisema, "nani atajua kwamba alikuwapo?"

Bwana Eustace akajibu, "Desemba hii tutapanda wote. Watoto wangu watamwita."

Likizo yake ilikuwa siku kumi na nne, mara moja kila miaka miwili, na safari hii ilipangwa Desemba. Mama yake alikuwa Bukoba, akimngoja. Kwa treni hadi Mwanza, kisha meli, siku zote zingeishia njiani na kwa mama. Hakuweza kwenda kote kuwili.

Mkewe, Bi Cecilia, alimwambia waziwazi. "Baba Juliana, mama yako naye ni historia."

Bwana Eustace akavuta kiti mezani. Kisha akaandika barua: mama, nitakuja likizo ijayo.

Wakapanda basi hadi Matombo, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu, mzee akishikwa mkono na Juliana. Njia nzima alimtania karani. "Kumbe Mhaya anaweza kupanda mlima bila ndizi tumboni!" Walipofika kwenye jiwe wakaita mara tatu. Ahmadi! Milima ikarudisha.

Mama yake Bwana Eustace alifariki Februari. Likizo nyingine haikumkuta.

"Baba hakusema anajuta," Juliana anatueleza. "Alisema tu, nina hamu na sauti yake. Alisema hivyo miaka yote."

Mzee Mwinshehe naye alifariki. Wao wakaendelea kupanda, kila Desemba. Mwaka jana, akiwa mgonjwa, Bwana Eustace alimwomba binti yake asiache. Juliana, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, akamwahidi.

Bwana Eustace Bitegeko alifariki Jumatano ya wiki iliyopita. Akazikwa Kola, hapa Morogoro, mbali sana na kaburi la mama yake.

Bi Cecilia, Juliana, Gabrieli, na Bi Eufrazia, dada wa marehemu aliyekuwa amekuja kutoka Bukoba kumwuguza: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe uliye karibu na redio, tukimaliza, mgeukie mzee wako umwulize: nani kwenu hakurudi? Aliitwa nani? Kisha mwambie mtoto.

Lipo jambo moja bado sijawaambia. Jumamosi iliyopita, siku mbili baada ya maziko, ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Juliana alipofunga kanga kiunoni, shangazi yake Eufrazia alimzuia mlangoni.

"Mfiwa gani anaacha matanga akapande milima? Treni yangu inaondoka leo usiku, tukishaanua matanga. Ukitoka, hutanikuta."

"Shangazi, nisamehe. Nilimwahidi baba."

Akatoka. Aliporudi Jumapili, mkeka wa shangazi ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Ndugu wa mwisho wa baba yake alikuwa ameondoka bila kuagana naye.

Lakini Jumamosi ile, juu ya Matombo, mvua ikinyesha, Juliana alisimama kwenye jiwe bapa na wanawe wawili. Akaita Ahmadi, mara tatu. Kisha akavuta pumzi, akageuka upande wa Bukoba, alikolala bibi yake, akaita jina la pili: Eustace!