Mama Shoti na Mkono Uliopimia Mashine

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawasomea maisha ya dada yetu, daktari ambaye wagonjwa walimbatiza Mama Shoti, kwa zile shoti ndogondogo za umeme alizowapiga mikononi ili ajue mishipa ya fahamu inapeleka habari kwa kasi gani.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, kitinda mimba wa fundi cherehani, akaanza shule ya mtaani kwao mwaka 1974, akahitimu udaktari mwaka 1993, akaolewa na mwalimu wa hesabu mwaka 1996, wakajaliwa mabinti wawili, waliojifunza mapema kujificha kila mama yao alipotafuta mkono wa majaribio.

Utafiti wake ulihusu maradhi ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kumla mishipa ya fahamu, na madaktari vijana aliwafundisha kwamba ukiwahi, mgonjwa anatembea, ukichelewa, anabebwa. Kila asubuhi alijipima kwanza mkono wake mwenyewe, ahakikishe mashine ya kupimia kasi ya mishipa inasema kweli.

Mwaka 2021 kasi ya mkono wake ilianza kupungua, akauchovya mkono kwenye maji ya uvuguvugu, maana mkono wa baridi hudanganya, kasi ikabaki palepale, akamwita fundi wa mashine. Fundi akasema mashine ni nzima kuliko yeye, labda mama ajaribu mkono wa mtu mwingine, naye akajibiwa kwamba mkono huu ulikuwa ukipima mashine yeye hajaota ndevu. Wagonjwa nao mishipa yao ilikuwa mizito tayari kwa maradhi, hivyo hakuna ambaye kipimo chake kilimsuta. Akaomba mashine mpya, ofisi ya ununuzi ikataka maelezo, kisha maelezo ya maelezo, na muda wote huo vikombe vilimponyoka jikoni, akasingizia sabuni.

Mashine mpya iliwasili Juni 2023, akajipima, kasi ileile, akampima fundi, ikakimbia vizuri tu. Akakaa kitako, akasema, jamani, ile ya zamani niombeeni radhi.

Dawa ziliusimamisha ugonjwa, hazikurudisha ulichokwisha kula, misuli ya kupumua ikalegea, nimonia ikamkuta hana nguvu, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Agosti 2024, kwa maradhi aliyowawahia wengi.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu mwalimu wao huku wakilia, majirani waliombeba ngazini, na wenzake wa maabara, ambao siku hizi hawaipimi mashine kwa mkono wa mtu mmoja.

Pumzika kwa amani, dada, huko hupimi wala hupimwi.