Siku Niliyokataa Kutoka Ukumbini

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Vít zima hiyo redio, maana nikimsikia tena mtangazaji akimsifu yule binti wa Ctibor nitakufa kabla sijasema la kusema, na pumzi nilizobakiwa nazo sitaki ziishie kwenye hasira.

Shamba la mizabibu la mteremkoni ni lako, Vít, pamoja na ghala la mvinyo. Nyumba hii na miti ya plamu ni ya dada yako. Msigombane. Hayo ni mepesi. Zito ni la kesho.

Drahomíra, mama, kesho saa tatu asubuhi kule Praha Radka, huyo binti wa Ctibor aliyeteuliwa waziri mkuu, ataomba bunge liipe imani serikali yake, na wabunge wake hawatoshi, na wewe ndiye kiongozi wa hao kumi na mmoja ambao wakitoka nje atapita, wakibaki ataanguka. Umekuja kuniuliza ufanye nini, lakini jana ulipolitaja jina lake niliuona uso wako. Wivu huo naujua, nimelala nao kitanda kimoja miaka thelathini, na umeurithi kabla hata ya nyumba.

Mwaka ule Ctibor mwenyewe alipoomba imani hiyohiyo, alikuwa na wabunge tisini na nne, wapinzani wake tisini na tatu, na sisi wa chama chetu kidogo kumi na tatu. Bungeni kwetu wanahesabiwa waliomo ukumbini, na serikali lazima ipate zaidi ya nusu yao. Tukibaki, haipati. Tukitoka, inapata, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kwa ajili yake. Serikali ya wachache ndiyo hiyo, wanangu: inakaa kwa sababu wengine wamekubali kuipisha, na kila bajeti, kila sheria, inarudi kuwabembeleza upya. Sisi tulibembelezwa vizuri. Tulipewa kurasa nne za ahadi zenye sahihi, na jambo la kwanza lilikuwa langu: reli yetu isifungwe.

Ctibor nilisoma naye dawati moja. Mimi naandika insha, yeye anaisoma mbele ya darasa, makofi yanakuwa yake. Hotuba ya asubuhi ile nusu yake ilikuwa maneno yangu, nilimpa mwenyewe tukinywa supu ya kitunguu saumu, akaniambia, "Bohouš, una akili wewe! Ungekuwa na sura, ningekuogopa." Tukacheka. Mimi nilicheka meno tu.

Akahutubia. Juu, kwenye viti vya wageni, alikuwepo mama yenu Květa na gauni lake la kijani, na Ctibor alipomaliza, mama yenu alisimama akapiga makofi mpaka pochi ikamwanguka. Miaka kumi na saba ya ndoa, nimehutubia mara ngapi mle ndani, hajawahi kunipigia makofi ya namna ile! Spika akaita kura. Wenzangu kumi na wawili wakainuka, wakatoka. Mzee Alois akageuka mlangoni: "We Bohouš, twende bwana, unangoja nini?" Nikamwambia, "Mguu umekufa ganzi." Ctibor alinitazama akatabasamu, akidhani namtania. Sikuinua mkono, sikusema neno, nilikaa tu. Tukawa mia moja themanini na nane ukumbini, akatakiwa apate tisini na tano. Alikuwa na tisini na nne.

Basi ikanibidi niwe kiwete. Miaka mitatu nilitembea na fimbo, mguu mzima kama wenu! Mama yenu alinikanda kwa mafuta ya bata bukini. Na Ctibor, shetani yule, akaja na keki za plamu, akakaa hapo alipokaa Vít, akaniambia, "Usijilaumu, mwili ni mwili." Nikamchukia zaidi. Hata kwa wema alinishinda. Na mwaka juzi walivyomzika, bendi mbili! Mbili! Mimi mtaniletea ya wazima moto, na tarumbeta lao bovu.

Zile kurasa nne zilikufa siku ileile. Reli ikafungwa, shule ikafuata, kisha daktari. Mnauliza mbona hapa tumebaki wazee watupu. Ni mimi. Wiki aliyofariki, Květa aliniuliza, "Hivi ulikuwa mguu gani?" Nikasita. Akageukia ukutani, na hakuniuliza tena.

Kwa hiyo kesho watoe wote. Wewe toka wa mwisho, wahesabu kwenye korido, na asiyeonekana mrudie, umshike mkono. Lile la kuturudishia daktari mliloandikiana na Radka lichunge kwenye kila bajeti, na siku wakikupuuza, kaa kwenye kiti chako, lakini useme kwa sauti kwa nini umekaa. Utayasikia makofi ya Radka ukiwa nje. Yatakuuma. Mimi hapa nikifikiri kwamba binti wa Ctibor anashangiliwa na wangu amesimama koridoni na mkoba, roho inanichoma, natamani kukwambia ubaki. Natamani kweli. Hapo usinisikilize.

Na Radka mwambie habari ya mguu. Nilitaka mngoje mpaka nizikwe, ili aje anililie kama alivyomlilia baba yake... Hapana. Mpigie leo, kabla hajanunua maua. Asipokuja, msimseme vibaya.

Maji kidogo... Asante, baba. Mungu awape kupendana. Awape moyo wa kufurahi mwenzenu anapopigiwa makofi, mimi huo sikuupata...

Saa ngapi? Basi la mwisho la Praha linakuja sasa hivi. Najua, mama, unataka kubaki unishike mkono. Vít yupo. Usipokuwepo wewe wa kuwahesabu, hatakosekana mmoja wa kukaa kama mimi... Chukua koti. Usinililie hapa. Toka, mwanangu... toka, nikuone ukitoka.