Ukurasa wa Mtakatifu Agatha

Basi la kwenda Galway, mji wa Ireland, lilipopita kanisa, wazee walifanya ishara ya msalaba. Dervla naye aliifanya. Mapajani alikuwa na vitabu viwili vya maisha ya watakatifu, vya kusoma ukurasa mmoja kila siku. Duka la parokia lilimwazima vyote achague kimoja.

“Chukua hicho kinene,” alisema bibi aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua hata jina. “Hicho chembamba ni maji matupu. Utadhani watakatifu wote walikufa kwa mafua.”

“Ndicho nikitakacho, mama. Kinene kinanitisha.”

“Kinakutisha nini? Hebu fungua ukurasa wa leo.”

Dervla hakufungua. Asubuhi alianza kuusoma ukurasa huo jikoni, akaishia kwenye kisu. “Leo ni Agatha,” alisema. “Walimkata titi. Na mimi nakwenda hospitali kukatwa langu.”

Bibi akang’aka: “Si ndiyo maana wagonjwa wenzako wanamwomba yeye! Wewe husomi mpaka mwisho, mwanangu. Usiku Mtakatifu Petro alimfuata gerezani, akamponya. Lete nikusomee.”

Akasoma kwa sauti kubwa, kwa madaha, kana kwamba yeye ndiye aliyemfungulia Petro mlango. Titi likarudi zima, Petro akaenda zake. Hapo bibi akakatiza ghafla.

“Halafu?” aliuliza Dervla.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Bibi alikuwa ameifunika aya ya mwisho, ile ya kifo cha Agatha, kwa kiganja, na hakukiondoa.