Hofu ya Kupanda Daraja

Benchi lilikuwa nje ya duka la Fundi, mguu wake mmoja umefungwa waya, na siku za mechi redio ilikaa juu ya meza ya cherehani kwa sababu Wembe, kinyozi wa jirani, alishikilia kwamba hapo ndipo inaposhika vizuri. Wenye benchi walikuwa wale wale: Wembe mwenyewe, Kibendera, mzee aliyekuwa mshika kibendera uwanjani mpaka magoti yalipogoma, na Shangazi, muuza kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale lakini aliwagombeza wote kama wanawe. Fundi alikaa mlangoni akishona suruali ambayo wala hakuwa akiiona. Golini alikuwa mdogo wake, Komeo. Timu yao ya daraja la kwanza ilihitaji sare tu ipande ligi kuu, na mtaa mzima ulikuwa na furaha. Benchi peke yake ndilo lililokuwa linaogopa.

Hofu ililetwa na mwenyekiti wa klabu. Juzi alisema redioni, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba wakipanda tu atasajili kikosi kipya kizima, kuanzia golini. Fundi alikuwa na pini mdomoni, nusura aimeze. Komeo alikuwa mikononi mwake tangu baba yao alipofariki. Mke wa Komeo na mtoto wao mchanga walilala chumba cha nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitambaa, na mshahara ule wa kusuasua wa daraja la kwanza ndio uliowaweka mjini. Asubuhi Fundi alijaribu kumuuliza itakuwaje. Komeo alicheka, akasema mwenyekiti naye anapenda kusikika redioni, akabeba begi lake akaenda zake.

— Mnadhani kule juu ni mpira? Kibendera alisema. Kule ni soko. Mimi nimekimbia pembeni mwa zile timu kubwa. Dereva wa basi lao anamzidi kocha wetu mshahara.

— Kocha na mwenyekiti ukiwajumlisha, Wembe akamsaidia.

Wembe alieleza kwamba timu kubwa zina wachezaji wa kucheza na wachezaji wa kukaa. Wakiona kijana hatari mahali, wanamnunua, wanamweka benchi mpaka anenepe, basi tu asije akawafunga. Kibendera akasema hiyo ni nafuu. Wiki ya mechi wanampigia simu mshambuliaji wako, wanamwahidi gari, na siku ya siku anakimbia kama amevaa viatu vya mkewe. Shangazi akawauliza kwa nini wahangaike na simu. Watanunua uwanja wenyewe, watatukodisha kwa saa, na mapumziko tutayalipia kivyake.

— Nasikia wana mashine, Wembe alisema akishusha sauti. Inampima mchezaji akiwa usingizini. Ikionyesha ataumia mwezi ujao, wanakuuzia wewe leo.

— Nani kakwambia? Kibendera aliuliza.

— Mteja wangu.

— Yupi?

— Yule mwenye kipara.

Siku nyingine wangemcheka Wembe mpaka kahawa imwagike. Leo Shangazi alitabasamu nusu tu, akakaza kilemba chake. Redioni mtangazaji alisema bado hakuna bao.

Ndipo Kibendera alipowakumbusha habari za ile timu ya mji wa pili, ile ya jezi za kijani. Nao walipanda. Mtaa ulicheza ngoma usiku kucha. Mechi ya kwanza wakapigwa tisa, na uongozi ukaingiwa na wazimu wa kutaka kufanana na wakubwa: wakawafukuza vijana wote, wakaleta wageni kwa fedha za kukopa. Msimu haujaisha wageni wameondoka, wadai wamebaki. Uwanja ukauzwa. Leo ni ghala la saruji.

— Na yule kipa wao? Shangazi aliuliza. Yule mrefu, mpole?

Kibendera alimtazama Fundi kwanza, kama mtu anayeomba radhi.

— Yupo pale pale. Ni mlinzi wa geti la ghala.

Cherehani ilisimama. Fundi alijifanya anatafuta uzi, na uzi ulikuwa mkononi mwake. Nyuma ya pazia mtoto alilia kidogo, mama yake akambembeleza, akanyamaza.

Redio ikapandisha sauti yenyewe, au labda ni masikio yao. Dakika za mwisho kabisa, na refa alikuwa ameonyesha penalti. Si yetu. Ya wapinzani.

Shangazi alifumba macho aombe, kisha akayafumbua, maana hakujua aombe lipi. Ikiingia, tunabaki chini na Komeo anabaki golini. Akiipangua, anajifukuza kazi kwa mikono yake mwenyewe. Fundi alitamani iingie. Alitamani hivyo kwa moyo wake wote, akajichukia, na bado akaendelea kutamani.

Mtangazaji alisema mpigaji anarudi nyuma, anakuja, anapiga. Halafu sauti yake ikakatika kwa kelele.

Komeo alikuwa ameipangua.

— Pole, Fundi, Wembe alisema, na mkono akampa.

Mtaa ukalipuka. Masufuria yaligongwa, honi zikapigwa, watu wakatoka majumbani wakikumbatiana na wasiowajua. Mwanamke mmoja alipita mbio akimwita Fundi kaka wa shujaa. Wale wanne walikaa kama watu wanaosubiri daktari atoke.

Simu ya Fundi iliita. Ilikuwa simu kuukuu, ukiongea na mtu, jirani naye anasikia.

— Kaka! Umesikia? Nimeipangua mimi. Kushoto chini kabisa. Kaka, tumepanda!

Nyuma yake watu walikuwa wakiimba jina lake. Alikuwa akicheka na kulia pamoja, kama alivyofanya zamani, akiwa mdogo, alipovishwa sare ya shule ambayo Fundi alimshonea.

— Nimesikia, Fundi alisema.

— Wenzako hapo wanasemaje? Mbona kimya? Hamjafurahi?

Fundi alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Kibendera, na Kibendera akayatazama magoti yake. Shangazi alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

— Kaka, hamjafurahi?

Kwenye simu sauti ya mwenyekiti ilisikika ikiwaita wachezaji waje wapigwe picha, na wenzake wakamhimiza Komeo afanye haraka.

— Subirini kwanza, Komeo akawaambia. Kaka yangu anataka kusema kitu.