Miaka Sita ya Kaka Yangu

Noeline, funga mlango, na nesi akirudi mwombe anipe nafasi kidogo. Apollo, sogea hapa kitandani, na leo usinijibu kwa Kiswidi. Nijibu kwa Kiswahili cha marehemu mama yenu, au unyamaze tu. Nina jambo la kuwaachia, wanangu, na si zuri. Nivumilieni mpaka nimalize, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mimi si Samwiri. Samwiri alikuwa kaka yangu, mzaliwa wa mwaka thelathini na mbili, malaria ikamchukua mwaka mmoja kabla hatujaikimbia Kampala. Mimi ni Petero, wa mwaka thelathini na nane. Askari walipoanza kumsaka Petero, kwa kuwa nilikuwa nikiwafundisha gofu wakubwa wa serikali iliyopinduliwa, nilichukua pasipoti ya marehemu, maana sura zetu zilikuwa moja, nikavuka mpaka na mama yenu na ninyi mkiwa wadogo. Hilo silionei haya, nilikuwa naokoa roho zetu. Aibu yangu inaanzia hapa Stockholm.

Mwaka themanini na mbili karatasi zangu zilisema nimetimiza miaka hamsini, ikaja barua ya kunikaribisha kwenye mashindano ya wazee, yale ambayo mtu haruhusiwi kabla ya hamsini. Mimi nilikuwa na arobaini na nne, mgongo mzima, tena nimechoka kuwafundisha wake za madaktari namna ya kushika fimbo. Ningeweza kusema hapana. Mwaka ule hakuna askari aliyekuwa akinifukuza. Wachezaji wa mpira wa miguu hupunguza umri, baba yenu akauongeza, Waswidi wakastaajabu jinsi mzee huyu alivyo na nguvu, nami nikacheka nao.

Bethuel mnamfahamu, huyu Mkenya anayeniletea chai kwenye chupa kila Jumapili. Zamani alikuja Kampala kucheza gofu, akanijua mimi na kaka yangu pia. Tulipokutana huku Stockholm, mtaa wa Hallunda, aliniita Petero mbele ya watu, nikamvuta pembeni nikamsihi, na tangu siku ile akaniita Samwiri, kwa sababu alijua maana ya kukimbia nchi. Yeye hamsini yake ilikuwa ya kweli. Tulikwenda kwenye mchujo wa mashindano yale ya wazee pamoja, nafasi ikabaki moja, nikamshinda kwa mkwaju mmoja. Katika gofu kila mtu humwandikia mwenzake kadi, na kadi yangu alikuwa nayo yeye. Neno moja tu kwa wasimamizi lingetosha. Alitia sahihi, akanipa kadi, akasema, "Petero, nimesaini mikwaju uliyopiga. Umri wako sikuulizwa."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini niliichukua ile kadi. Mimi nikazunguka Ulaya kwa ndege miaka minne, yeye akaenda kubeba makreti kwenye ghala la Jordbro mpaka bega likaharibika, na fimbo hajaigusa tena.

Noeline, ile picha ya gazeti uliyoibandika sebuleni, iondoe leo hii. Ni kweli mpira ulisogea kidogo kwenye majani, hakuna aliyeona, nami nikajiongezea mkwaju wa adhabu mwenyewe, wakaandika kwamba mimi ni muungwana wa gofu. Ule mkwaju mmoja niliutangaza. Miaka sita niliificha. Kila ulipowaonyesha wageni picha ile, mwanangu, nilikuwa naingia jikoni kujifanya nachemsha maji.

Apollo, Kiswidi chako ni kizuri, waandikie chama cha gofu wafute jina langu kwenye vitabu vyao. Makombe yarudisheni. Bethuel msimpelekee hata moja, mtamtukana. Jumapili akija na chai yake nitamwomba msamaha mwenyewe, na nisipoifikia Jumapili, mwombeni ninyi, mkiwa mmesimama, kanisani, mbele ya wote walionipigia makofi. Akikataa, msimnung'unikie. Ana haki.

Mjukuu wangu Samwiri asibadilishwe jina. Ni jina la kaka yangu, na kaka yangu hakumdhulumu mtu.

Nipe maji, Noeline... Basi, yanatosha.

Njooni niwashike vichwa. Mungu awape kulala usingizi bila kitu cha kuficha, awape rafiki kama Bethuel, na awaepushe msimtende kama nilivyomtenda. Pendaneni. Nawabariki kwa jina langu, Petero, ingawa mmelisikia leo tu...

Bado moja. Jiwe la kaburi... msiandike mwaka wa kaka. Andikeni thelathini na nane. Watu watahesabu, watawauliza, msione haya kuwajibu... Nina arobaini na tisa, wanangu. Hamsini yenyewe... sikuifikia.