Kioo Kilichoachiwa Matundu

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba huo mlango uachwe wazi. Asante, Mama uliye hapo mlangoni. Wenye kuhisi baridi mnisamehe.

Mdogo wangu alifia hapa Kisumu, mtaa wa Migosi, katika chumba tulichopanga pamoja. Nilikuwa nimeenda kijijini Pap Onditi kumwona mama. Mvua ikanyesha, akaingiza jiko la makaa ndani na kuziba dirisha kwa matambara. Kila jioni alikuwa akiniita ndugu kwa Kijaluo, akiniambia, "Omera, funga dirisha, mbu watatumaliza." Niliporudi, si mbu waliokuwa wamemmaliza, ni gesi ya makaa.

Tangu hapo sikuweza kulala ndani. Nilizunguka Busia, Homa Bay, Mbita, nikilala kwenye veranda za watu. Sauti ilinifuata: omera, funga dirisha.

Baadaye nikapata kazi hapa Kisumu, kuangalia tanuri katika maabara. Nawaambia, ni kazi ya ajabu. Kuna unga uliotengenezwa kwa madini na kemikali, una matundu ambayo jicho haliyaoni, nayo hunasa gesi. Ukiyeyushwa unakuwa kioo, lakini matundu mengi hujifunga. Siku moja daktari wetu wa utafiti alipima kipande, gesi haikuingia. Akasema, "Kimeziba kabisa."

Nikaona lile dirisha. Nikavua koti, nikatoka.

"Bwana, unahama tena?" daktari, aliyejua sikai mahali, akaniuliza getini.

Nikamweleza yote. Hakunipa pole nyingi. Alinirudisha ndani, akanionyesha: safari hii unga utachanganywa na kitu kitakachotoka kwa joto, mahali pake pabaki wazi.

"Kama mama na makapi kwenye udongo wa chungu," nikasema. "Yanaungua, chungu kinatoa jasho, maji yanapoa."

"Karibu hivyo. Lakini chungu usiniletee kwa tanuri yangu!"

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kinavyosikika.

Vipande vya kwanza vilipasuka, vingine vikatoka na ukungu. Kisha kimoja kikanasa gesi nyingi kuliko vyote vya mwanzo. Nilikishika kwenye mwanga hadi daktari akaninyang'anya. Kilichoondoka kilikuwa kimeacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Nami miaka yote nilikuwa nikijaribu kuiziba nafasi ya ndugu yangu kwa safari.

Namshukuru daktari yule, na mama aliyenitandikia godoro kila nilipopita ingawa alijua nitalala nje, na ninyi mlioniketisha karibu na mlango bila kuniuliza. Jiko lisilale ndani na mtu, nawaomba. Na aliyeondoka, msizibe mahali pake.

Nimepanga tena Migosi. Sauti bado huja: omera, funga dirisha.

Namjibu, "Wacha, omera. Wacha mbu waingie."